Mbofyo wa pili

Mwaka 2011 Kariakoo ilikuwa inanuka dizeli. Mgao wa umeme ulikuwa umepamba moto, kila duka lina jenereta yake imefungwa mnyororo kwenye nguzo ya baraza, inaunguruma hadi ukitaka kumwita mtu inabidi umshike bega. Mimi nilikuwa nimemaliza chuo si muda mrefu, na kazi niliyoipata haikuwa ya kuvaa tai. Niliwaandikia wenye maduka programu ndogo ndogo za stoo na madeni. Nililipwa kwa awamu, na kuna awamu nyingine zilikuja kama kitenge.

Duka ninalolikumbuka lilikuwa la vyombo, jirani na Mtaa wa Kongo: masufuria, mabeseni, madumu, vikombe vya bati vilivyofungwa kwa dazeni. Mwenye duka tulimwita Hajat. Wateja wake wakubwa walikuwa watu wa mikoani, wale wanaochukua mzigo leo kwa nusu ya hela, nusu iliyobaki ije baada ya wiki mbili, Mungu akipenda. Kwa hiyo mali yake haikuwa hayo masufuria yaliyopangwa hadi darini. Mali ilikuwa ni nani anadaiwa nini.

Kwa ajili ya madeni hayo niliandika kiprogramu cha kutunza nakala. Kilikaa kule chini kulia kwenye skrini, pembeni ya saa, kwenye ile kona ambayo Windows imekuwa nayo tangu ile ya 95. Kila nusu saa kilikusanya maandishi ya siku na kuyapeleka kwenye fleshi iliyochomekwa nyuma ya kompyuta, faili moja kwa kila siku. Ikoni yake niliichora mwenyewe kwa pikseli 16 kwa 16: sufuria yenye masikio mawili. Ikiwa ya kijani, kazi inaendelea. Ikiwa ya kijivu, imesimama.

Kusimamisha kulikuwa na sababu. Kompyuta ilikuwa ya mtumba, nakala ikianza inakuwa nzito, na mteja yupo kaunta anagonga meza kwa sarafu. Basi nikaweka hivi: ukibofya sufuria mara moja, nakala inasimama, ukibofya tena mara moja, inaendelea. Ukibofya mara mbili harakaharaka, linafunguka dirisha la kukuonyesha nakala ya mwisho ni ya lini. Na kwa kujitapa kabisa nikahakikisha programu inakumbuka hali yake hata umeme ukikatika. Iliyozimwa ikiwa kijivu, itaamka kijivu. Nililiona hilo ni ufundi mkubwa.

Nilimfundisha dada wa kaunta kitu kimoja tu: kila asubuhi ukifungua duka, fungua dirisha, angalia. Akasema sawa.

Baada ya kama miezi miwili, Jumatatu moja, Hajat akanipigia. Umeme ulikuwa umekatika usiku, na uliporudi ulirudi kwa hasira. Kompyuta haikuwaka. Nikaenda, nikamwamkia.

"Shikamoo Hajat."

"Marahaba mwanangu. Hilo lidude lako ndilo siku yake leo."

Diski ilikuwa imekwenda. Hilo halikunitisha, maana fleshi ilikuwepo. Nilinunua diski nyingine hapohapo mtaani, nikapandisha kila kitu upya, nikachomeka fleshi, nikafungua. Jumatatu ya wiki iliyopita, faili lipo. Jumanne halipo. Jumatano lipo. Alhamisi halipo. Nikarudi nyuma wiki nzima, nikarudi mwezi. Siku moja ipo, moja haipo, kama meno ya kitana kilichovunjika.

Nilikuwa na jibu mdomoni kabla hata sijafikiri. "Mgao huo, Hajat. Siku ya kukatwa umeme nakala haiendi."

Dada wa kaunta alikuwa anahesabu vikombe. Hakuinua uso. "Mdogo wangu, Jumanne umeme ulikuwepo kutwa. Jumatano ndiyo tulishinda na jenereta."

Na faili la Jumatano lilikuwepo.

Nikabaki na mtu mmoja tu wa kumlaumu, na sikuona aibu kumlaumu. Nikamwambia, dada, basi utakuwa unabofya unakisimamisha bila kujua. Akaweka vikombe chini. "Mimi? Mimi nafungua naangalia, kama ulivyonielekeza. Hata leo nikufanyie uone."

"Nifanyie."

Ilikuwa Windows 7, na ile huzificha ikoni nyingi nyuma ya kishale kidogo kando ya saa. Akabofya kishale, kisanduku kikapanda, sufuria yangu ya kijani ikatokea. Niliinama hadi nikasikia harufu ya hina kwenye vidole vyake. Akabofya: ta-ta. Kwenye ta ya kwanza sufuria ikageuka kijivu. Kwenye ya pili dirisha likafunguka katikati ya skrini, na kile kisanduku kikajifunga chenyewe, kikaondoka na ule ukijivu. Yeye alikuwa anatazama dirisha, kwa sababu ndilo nililomwambia atazame. Na dirisha langu lilitaja tarehe ya nakala ya mwisho, halikusema popote kwamba kazi imesimama.

Nilikaa kwenye beseni lililofudikizwa.

Jambo lenyewe ukilijua ni jepesi. Kompyuta haina utabiri. Kidole kikiinuka mara ya kwanza, Windows inaiambia programu palepale kwamba imebofywa. Haiwezi kujua kama kuna kingine kinakuja. Kikija cha pili ndani ya muda wake, ambao kwa kawaida ni milisekunde 500, inatuma taarifa nyingine: hii ni mara mbili. Ile ya kwanza haifuti, imeshakwenda. Kwa mafaili hakuna neno, kwa kuwa mbofyo wa kwanza unalichagua tu faili na wa pili unalifungua. Wa kwanza hauna madhara. Mimi nilikuwa nimeupa wa kwanza kazi ya kuzima. Kila asubuhi dada alipofungua dirisha kwa uaminifu, aligeuza swichi. Leo anazima, kesho anawasha, keshokutwa anazima. Kadiri alivyokuwa mwangalifu ndivyo tulivyopoteza.

Nilimwambia samahani. Akasema, "Haya, rekebisha."

Nilirekebisha vibaya kwanza. Nikaifanya programu isubiri: ikipata mbofyo mmoja, itulie nusu sekunde; ukija wa pili, isahau wa kwanza ifungue dirisha; usipokuja, ndiyo isimamishe. Kwenye karatasi ilikuwa safi. Kwenye kaunta, dada alibofya mara moja ili kusimamisha, hakuona kitu, akadhani haijasikia, akabofya tena. Dirisha hilo. Kisha Hajat akavuta kiti naye ajaribu. Alibofya kwa adabu, kama anayebisha hodi nyumba ya wakwe: ta. Kimya. Ta. Kwa Windows hiyo ilikuwa mibofyo miwili ya mojamoja. Sufuria ikawa kijivu, ikarudi kijani, dirisha halikuonekana.

"Limekataa," akasema.

Jioni ile nikautoa usimamishaji kwenye mbofyo kabisa. Bofya mara moja, bofya mara mbili, bofya kama unatwanga kisamvu: dirisha linafunguka, na kama limeshafunguka linakuja mbele tu. Kusimamisha nikakuhamishia kwenye menyu ya kitufe cha kulia, kwa maneno ya wazi. Hiyo menyu nayo ilinitoa jasho. Nilikuwa naifungua kwa maagizo niliyoyaandika mwenyewe ndani ya programu, na ikishafunguka haikutaka kuondoka hata ubofye wapi, hadi nilipoipa programu nafasi ya mbele kwanza, ndipo menyu itoke. Kila nilipoikatiza programu kwa nguvu nijaribu tena, sufuria ya zamani ilibaki pale bila mwenyewe. Kufikia saa mbili usiku yalikuwa masufuria sita yamejipanga pembeni ya saa. Dada akapitisha kipanya juu yake, yakapotea moja baada ya jingine. Akacheka, akaniomba nitengeneze mengine.

Kuhusu siku zilizopotea, hapo ndipo alipoinama chini ya kaunta akatoa kauntabuku lenye jalada jeusi. Alikuwa anaandika kila deni kwa kalamu tangu siku niliyoleta programu. Hajat hakujua, nami sikujua. Baada ya swala ya isha tukakaa watatu kwa mwanga wa taa ya chemli, maana jenereta tuliiachia kompyuta peke yake. Dada akasoma, Hajat akathibitisha, mimi nikaandika. Mabeseni dazeni nne, Morogoro, nusu. Vikombe dazeni kumi, Lindi, nusu. Kuna mmoja ambaye Hajat alisema msameheni, kafiwa. Nikamuruka.

Awamu ya mwisho ya malipo yangu ilikuwa hela kidogo na sufuria moja kubwa ya ubwabwa, yenye masikio mawili. Dada ndiye aliyeichagua. Nilipanda nayo daladala ya Mbagala nimeipakata kama mtoto, na konda akaitazama, akaniambia huo mzigo unalipiwa.