Siku moja gereji: Crown iliyokuwa ikichemsha Inyala

Saa 1 asubuhi

Julai huku Mbeya mtu hatoki kitandani kwa hiari. Ila gari linalochemsha hufunguliwa likiwa limelala baridi, kwa hiyo nimefika gereji, hapa Sae, kabla dogo, msaidizi wangu, hajaja. Koti la kazi nimelivalia juu ya sweta.

Crown ya mwalimu ipo pale pale alipoiacha jana jioni. Ni Toyota, modeli GS151 ya 1997, injini 1G-FE, silinda sita mstari mmoja, lita mbili. Mwalimu ni mstaafu, siku hizi anafuata mchele Chimala, na kila akirudi na mzigo gari linachemsha kwenye mlima wa Inyala, njiani kuja Mbeya. Fundi mmoja ameshamwambia gasketi ya hedi (inayoziba kati ya bloku ya injini na hedi, kifuniko chake cha juu) imeungua, hedi ishuke, ikachongwe. Hiyo ni kazi ya pesa nyingi, na mzee alishaanza kuzitafuta.

Jana nilimuuliza kitu kimoja tu: "Shikamoo mwalimu. Inapochemsha, unakuwa nyuma ya lori?"

"Marahaba binti. Sasa Inyala nani hayupo nyuma ya lori?"

Akaongeza kwamba kuanzia Chimala hadi Igurusi, barabara ikiwa wazi, mshale wa temperecha hautikisiki. Mjini pia hakuna shida. Jibu hilo lilinifanya nilale nikiwaza feni, wala si hedi.

Saa 2

Kifuniko cha rejeta, panapopozwa maji ya injini, nimekifungua: maji rangi ya kutu, kulanti (dawa ya kuchanganya na maji hayo) hamna hata harufu. Stiki ya oili safi, haijageuka chai ya maziwa, yaani maji hayajaingia kwenye oili. Nikawasha kifuniko kikiwa wazi, nikasimama na tochi. Gasketi ikiwa imeungua, mara nyingi hewa ya silinda hupenya kwenye njia za maji na utaona mapovu yanapanda bila kukoma. Hapa maji yametulia. Ekzosini hakuna moshi mweupe zaidi ya ule mvuke wa asubuhi ambao huku kila gari linatoa.

Kitu kingine ndicho kilichonishtua. Injini imenguruma weee, mshale umeganda chini. Nikazima, nikafungua nyumba ya thamostati, kile kidude kinachozuia maji yasiende kwenye rejeta mpaka injini ipate joto. Tupu! Kuna mtu aliing'oa.

Huu ugonjwa wa kung'oa thamostati naujua, na sijawahi kuuelewa. Dar wana joto, labda wana kisingizio. Mbeya mji upo kama mita 1,700 juu ya usawa wa bahari, asubuhi unapuliza mikono ndipo ushike spana. Injini isiyo na thamostati inachelewa mno kupata joto lake. Kompyuta inasoma kwenye sensa kwamba injini bado baridi, inaongeza petroli. Giaboksi otomatiki nayo inachelewesha gia ya mwisho hadi maji yapate moto. Mwalimu alilalamika kwamba gari linakunywa mafuta. Nusu ya jibu ni hiyo. Na mlimani haikumsaidia chochote.

Saa 4

Dogo anahangaika na breki za Mark II ya jirani. Nimekaa ndani nakanyaga, yeye anatoa upepo. Wateja wawili wamekuja kuuliza bei, wakaondoka.

Saa 5

Rejeta imetoka. Paipu za oili ya giaboksi tumeziziba kwanza, maana kwenye magari haya oili hiyo nayo hupozwa kwenye tangi la chini la rejeta. Uchafu ukiingia humo, umejitafutia kesi nyingine.

Kati ya kondensa ya AC (ile kama rejeta nyingine iliyokaa mbele) na rejeta palikuwa na zulia. Kweli kabisa: mabawa ya panzi, majani makavu, na vumbi jekundu la ujenzi wa njia nne lililoshikana na mafuta. Ukitazama kwa mbele huoni kitu, kondensa imeficha yote. Nimeosha kwa maji yasiyo na presha kubwa, kutoka upande wa injini kwenda mbele, ili uchafu utoke ulikoingilia. Mashine ya kuoshea magari inalaza vile vibati vyembamba vya rejeta, halafu upepo haupiti tena. Tangi la juu la plastiki bado gumu. Lingekuwa limegeuka kahawia na kumeguka ukilikwaruza kwa bisibisi, ningesema rejeta ibadilishwe.

Saa 7 mchana

Wali wa Kyela na maharage kwa mama lishe. Nimemwomba kona ya jiko la mkaa, nikaweka sufuria yangu (yake ya chakula hagusi mtu) na thamostati mpya ndani. Imegongwa namba 82. Maji yalipokaribia kuchemka, ikaanza kuachia, lakini haikufunguka yote. Dogo akasema mbovu, turudishe dukani. Sivyo. Thamostati hii inaanza kufunguka kwenye digrii 82 na inafunguka kabisa kwenye 95 hivi, na kwa urefu wa Mbeya maji yanachemka kwenye kama 94. Sufuria haiwezi kuifikisha. Ndani ya rejeta ni tofauti, kwa sababu kifuniko cha rejeta kisicho kibovu, chenye alama ya 0.9 (kipimo cha presha), kinabana presha na maji yanapita 110 bila kuchemka. Kwa hiyo kifuniko nacho nimenunua kipya.

Saa 8

Sasa mkosaji mwenyewe: klachi ya feni. Ndani ina mafuta mazito ya silikoni. Joto likipanda yanaishika feni izunguke kwa nguvu. Jana jioni, injini ikiwa bado ya moto na imezimwa, niliisukuma feni kwa kidole ikazunguka yenyewe kama pangaboi. Na pembeni ina mstari wa mafuta yaliyovuja, yamekamata vumbi.

Kwenye barabara tambarare upepo wa mwendo unapoza rejeta. Inyala, gia ya chini, mzigo wa mchele, lori mbele linatambaa: injini inatoa joto lote na upepo hakuna. Hapo anayetegemewa ni feni.

Dogo alipendekeza tuichomelee, feni izunguke na injini moja kwa moja. Wengi hufanya hivyo. Inapoza, sawa, lakini inakula nguvu ya injini saa zote na kulemea wota pampu. Tumepata ya mtumba kutoka Japani, inabana vizuri.

Saa 9 na nusu

Kulanti na maji safi nusu kwa nusu, pua ya gari imeinuliwa kwa jeki, hita imefunguliwa moto wa mwisho, hewa itoke. Hapa hakuna haraka.

Saa 11 jioni

Majaribio: Uyole, Mlima Nyoka, hadi chini Inyala, mifuko ya saruji imejaa buti. Kurudi tukajipachika nyuma ya semi, lori refu linaloelekea Tunduma, makusudi. Katikati ya mlima feni ikaanza kuvuma, mshale ukabaki chini kidogo ya nusu. Dogo aliutazama muda wote utadhani anatazama penalti.

Saa 12 na nusu

Mwalimu amelipa. "Na gasketi?"

"Gasketi nzima, mwalimu. Bushi za mbele, zile raba za miguu ya gari, ndizo zitakurudisha."

Akaomba ile klachi mbovu aondoke nayo. Kesho anapita kwa yule fundi wa hedi, ana maongezi naye. Dogo akaifunga kwenye gazeti.