Siku moja maishani mwangu: kutwa mtoni na salamanda, North Carolina, Marekani

Saa kumi na moja alfajiri niko macho, chai, mkate, buti kwenye gari. Mama huko Mombasa bado anawaambia majirani nafanya kazi ya mijusi, na kila tukiongea namweleza mama salamanda si mjusi, hana magamba, ni jamii moja na chura, na hii milima ya Appalachia imejaa aina za salamanda kuliko karibu popote duniani. Hata wenyeji wengi hawajui.

Saa moja mpaka saa nne tunachota maji ya mto na kuyachuja, chujio linaenda maabara kuangaliwa kama kuna DNA ya helibenda, salamanda mkubwa anayeweza kupita sentimita 60.

Baadaye miwani ya kuzamia, uso majini, tochi chini ya mawe. Mmoja tukamwona! Kichwa bapa kimechungulia, mikunjo ya ngozi ubavuni inapepea polepole. Mapafu anayo ila hewa anaivuta kwa hiyo ngozi, kwa hiyo maji yakijaa tope au yakipata joto anakosa pumzi.

Saa sita hivi ndo nikamkuta baba mmoja. Kapanga mawe kuvuka mto mzima ili watoto wapate pa kuogelea, nikamsalimia kwa adabu, nikamweleza mwisho huu wa Agosti dume la helibenda linashika jiwe kubwa bapa, jike anakuja kutaga chini yake, halafu dume linabaki linalinda mayai kwa miezi, ukilihamisha jiwe umemaliza kizazi chote. Akasema mto una mawe kibao. Nikaeleza upya, kwamba mafuriko ya kimbunga Helene, Septemba 2024, yalishasomba mawe na kujaza tope mito mingi huku. Akasema babu yake akivua helibenda alikuwa anawaua, eti wana sumu na wanamaliza samaki wa trauti. Hawana sumu, na chakula chao hasa ni kamba wa mtoni! Muda wote huo nimesimama majini miguu imekufa ganzi, naye mwishowe akakusanya wanawe akaondoka kanuna, ukuta kauacha palepale.

Tukaubomoa wenyewe, jiwe moja moja, unainua kidogo, unatazama chini, hakuna aliyejificha, ndo unaliondoa. Mgongo uliuma mpaka basi. Saa ngapi tulimaliza sijui, jua lilishashuka nyuma ya mlima.

Na kazi bado. Kuna fangasi anaitwa Bsal, alitambuliwa 2013 baada ya kuwaangamiza salamanda wa madoa ya njano Uholanzi, anawala ngozi. Marekani ilizuia kuingiza aina 201 za salamanda mwaka 2016 kwa ajili yake, na huku porini hajaonekana. Sitaki aletwe na soli yangu. Buti, nyavu, ndoo, vyote vikapigwa brashi na kulowekwa kwenye dawa, gizani, maana kesho tunaingia mto mwingine.