Viboksi vya kijani pale Luthuli

Hii ilikuwa 2003, mwaka mmoja kabla ya Michuki, yule waziri wa uchukuzi, kutufunga mikanda kwa matatu zote, mimi niko kidato cha pili na fizikia imenishinda kabisa. Si fizikia yote, ni mawimbi tu. Mtihani ulikuja na mchoro wa wimbi, kutoka kilele mpaka kilele ni 8, tafuta piriodi, yaani wimbi moja linachukua muda gani, mimi bila kufikiria nikaandika sekunde 8 na nikapiga mstari chini mara mbili nikijua hiyo nimeiweza. Sufuri. Kumbe ule mstari wa chini, ndio mhimili, ulikuwa sentimita, ile 8 ni urefu wa wimbi, na swali lilikuwa limetupa spidi, sentimita 40 kwa sekunde, mtu anagawanya 8 kwa 40 anapata sekunde 0.2 basi kwisha. Mwalimu aliandika tu "soma mhimili!" na kalamu nyekundu. Mhimili gani sasa, mimi naona wimbi ni wimbi, yote yanafanana kama nyoka anatembea.

Jumamosi baba akanituma tao nichukue redio yake kwa fundi. Nikapanda matatu ya 58 kutoka Buruburu, nikaingia barabara ya Luthuli, ngazi za giza mpaka kachumba kadogo kananuka moshi wa solda, redio zimefunguliwa matumbo kila mahali. Fundi alikuwa mzee wa miwani iliyofungwa na selotepu, akaniambia redio haijaisha, kaa hapo kijana. Nikakaa, na kwa sababu sina la kufanya nikatoa ule mtihani nikaanza kuuangalia tena kama mtu anabonyeza jino linalouma. Akachungulia juu ya miwani. "Unasoma mawimbi?" Nikamwambia yamenikataa, fundi.

Kwa meza alikuwa na osiloskopu ya zamani, ile mashine ya kuchora stima kama mawimbi, kioo kidogo kama telly ya watoto, na viboksi vimechorwa juu yake, kumi kwa upana. Akanipa waya wa kupimia. "Shika hapo kwa ncha na kidole." Si itanipiga shoti? Akacheka mpaka akakohoa. Nikashika, na ule mstari wa kijani uliokuwa umelala ukaamka ukawa mawimbi! Haikuwa laini kama ya kitabu, ilikuwa na vimeno vimeno hivi, lakini mawimbi kabisa, nikiachilia yanalala nikishika yanaamka. Akasema hiyo ni stima ya ukutani, mwili wako unaidaka kutoka kwa nyaya za hii nyumba. Sijui kama nilifunga mdomo.

"Sasa wimbi moja ni viboksi ngapi?" Nikahesabu, viwili. Akatikisa kichwa. "Hiyo ni kilele mpaka bonde, ni nusu. Wimbi ni ipande, ishuke, irudi mpaka pale ilianzia ikiwa inaelekea kulekule." Nikahesabu tena, vinne. Akanionyesha kinobu, imeandikwa 5, kila kiboksi ni milisekunde 5, na milisekunde ni sekunde gawanya kwa elfu. Nne mara tano, 20.

Halafu akazungusha kinobu ikaenda 2, na wimbi likavutika kama chapati mpaka moja peke yake likajaza kioo chote. "Na sasa?" Mimi haraka haraka nikasema imeongezeka, si wimbi limekuwa refu. Hakunijibu, akagonga tu ile 2 na ukucha. Viboksi kumi, mara mbili... 20. Ile ile! Nikamwambia azungushe tena, akazungusha, nikahesabu, 20, nikamwambia tena, mpaka akaniuliza kama hii duka ni ya baba yangu. Stima ya Kenya ni hezi 50, mawimbi 50 kwa sekunde moja, sasa 1 gawanya kwa 50 ni sekunde 0.02, mchoro uvute ubane haijali. Kumbe ndio mhimili huo nilikuwa naambiwa, viboksi peke yake havisemi kitu.

Redio ilikuwa tayari saa tisa. Kwa mathree ya kurudi walikuwa wamefungulia stesheni ya Capital, megahezi 98.4, na mimi nimekumbatia redio ya mzee kwa mapaja nikipiga hesabu nyuma ya karatasi ya mtihani, megahezi ni milioni, kwa hivyo wimbi moja la hiyo stesheni linachukua kama sekunde 0.00000001. Nilihesabu hizo sufuri mara tatu hivi na makanga akaniruka stej.

Muhula uliofuata swali likaja tena, saa hii mhimili ni wakati, nikausoma, nikahesabu wimbi zima si nusu, nikapata 20 nikiwa natabasamu peke yangu. Frikwensi, yaani mawimbi mangapi kwa sekunde, nikagawanya 1 kwa 20 nikaandika hezi 0.05. Mwalimu akanipa maki moja kwa tatu, na pembeni na ile kalamu yake nyekundu: "mili iko wapi?"