Ulikuwa unajua, au ulikuwa mkubwa tu?

Jumapili nilikuwa napekua ile kabati yangu, mnaijua, natafuta cheti ambacho mpaka sasa sijakipata, ikadondoka picha ya timu. Huyu wangu wa mwisho akaiokota. Akaiangalia muda mrefu kuliko anavyoangalia kitu chochote kisichokuwa na skrini, alafu akaweka kidole kwenye mstari wa nyuma, pale nilipowazidi wenzangu wote kichwa na shingo, akauliza taratibu kabisa: "Baba, hivi wewe ulikuwa unajua mpira kweli, au ulikuwa mkubwa tu?"

Ana miaka 13. Wiki mbili nyuma kocha wake alimtoa kikosini, akamwambia mguu anao ila mwili bado, asubiri akue. Kwa hiyo msidhani ni swali la mtoto tu hilo, lilikuwa limenolewa. Nikacheka cheka, nikamwambia lete hiyo picha hapa, lakini we mtu akishakuuliza kitu ambacho umejiuliza mwenyewe zaidi ya miaka ishirini unacheka nini sasa.

Ilikuwa 2001. Yale mashindano ya vijana chini ya miaka 15 ya nchi nyingi, viwanja vimepangwa ubavu kwa ubavu mpaka refa wa uwanja wa jirani akipuliza filimbi na nyie mnasimama. Masharti ni uwe umezaliwa kuanzia tarehe 1 Januari 1986. Mi nimezaliwa tarehe 9 Januari 1986. Mama angewahi siku tisa tu nisingepanda ile ndege, tena wakati ule nilidhani ni bahati yangu binafsi, sikujua kwamba ukichukua timu za vijana karibu popote duniani ukaangalia tarehe za kuzaliwa utakuta Januari, Februari, Machi wamejaa, na wa Novemba na Desemba unawahesabu kwa vidole. Makocha hawasemi tunachagua wa Januari. Wanasema tunachagua wazuri. Ila ukiwa na miaka 12, miezi kumi na moja ni nyama nyingi sana.

Mimi nilikuwa na Januari, na juu yake nikawa nimewahi kukua. Miaka 15 nina mita 1.83, ndevu zimeanza, sauti imeshatua. Wenzangu waliniita Kijeba, yaani mtu mzima anayejichanganya na watoto, kwa utani. Wapinzani waliniita hivyo hivyo kwa lugha zao na hawakuwa wanatania, kuna mzazi mmoja alikuwa anatembea pembeni ya uwanja kila nikigusa mpira anafanya ishara ya kunyoa ndevu. Pasi yangu ya kusafiria ilikuwa ya kweli kabisa, tarehe ya kweli, na haikunisaidia chochote kwa yule mzee.

Makundi tulipita kirahisi, siyakumbuki hata.

Robo fainali tukapangwa na watoto wafupi. Wafupi jamani, jezi zimewafika magotini. Kocha wetu alipowaona wanapasha akatabasamu, akaniita pembeni mimi sentahafu wake, akaniambia: "Yule namba kumi ndio timu yao nzima. Mpira wa kwanza mgonge. Wa pili mgonge. Wa tatu hatautaka mwenyewe." Hayo ndio yalikuwa mafunzo yote niliyopewa siku ile, na nikikumbuka vizuri, mwaka ule wote.

Mpira wa kwanza nikamgonga. Alipaa kama nguo iliyong'oka kwenye kamba. Wa pili nikamgonga pia, refa akapuliza faulo ila kwa huruma, kadi hakutoa. Kilichonishangaza ni kwamba yule dogo hakulalamika, hakumwangalia refa, hakumwangalia kocha wake. Alijipangusa, akaniangalia mimi, kuanzia kwenye viatu mpaka kichwani, kama fundi anayekupima suruali.

Wa tatu akautaka.

Hapa naomba nisimulie polepole kwa sababu ni sekunde tatu tu lakini nimeishi nazo muda mrefu. Mpira wa kurusha, upande wa kushoto kwetu, karibu na mstari wa katikati. Anaupokea akiwa amenipa mgongo. Kabla mpira haujatoka mikononi mwa mrushaji, akageuza shingo, akaangalia juu ya bega la kushoto, alafu juu ya bega la kulia, haraka, kama mtu anayevuka barabara. Nikadhani ananiogopa. Naapa ndicho nilichofikiri, ananiogopa huyu, na nikaongeza spidi. Nilikuwa sijawahi kuona mchezaji anaangalia kitu kingine wakati mpira unakuja, sisi tulifundishwa usiondoe macho kwenye mpira.

Naja na bega la kulia, kilo zangu 76 zote zipo hapo. Nikiwa nimebakiza hatua moja, mkono wake ukarudi nyuma ukanigusa juu ya nyonga. Sio kusukuma. Alinipapasa tu, kiganja wazi, kama mtu anayetafuta swichi gizani. Nadhani ndipo alipojua naja na upande gani. Na pale pale, badala ya kuuzuia mpira, akafungua miguu. Hakuugusa. Mpira ukapita katikati ya miguu yake, ukapita katikati ya miguu yangu, na yeye akajiviringisha kwenye ule mkono wake, akatumia mwili wangu kama nguzo ya kuzungukia, akatokea upande wa pili na kuukuta mpira wake unamsubiri.

Nimepigwa tobo na mtu ambaye hajagusa mpira.

Mimi nikagonga hewa. Mnajua ukikanyaga ngazi ambayo haipo? Mwili mzima uliandaliwa kukutana na kitu, kitu hakipo. Nikaenda chini kifudifudi, chokaa ya mstari ikaniingia mdomoni, na nikasikia ile sauti ya watu wengi kuvuta pumzi kwa pamoja, kimya kidogo, alafu kicheko. Nikiwa pale chini nikainua kichwa nikamwona anapiga, kutoka nje ya kumi na nane, na mpira ukagonga mtambaa panya. Ukatoka. Ule mwamba ulitikisika muda, au labda ni macho yangu. Chokaa haina ladha ila inakausha ulimi, mpaka mapumziko nilikuwa natema.

Kipindi cha pili sikumgonga tena hata mara moja. Sio kwa huruma, sikumpata. Mpira ulikuwa unamfika na kuondoka kabla sijafika, mguso mmoja, miwili, nakuta nyasi.

Na tukashinda, sasa. Dakika za mwisho tukapata kona, wakaniwekea watu wawili, mmoja wao ni yeye mwenyewe namba kumi, amenishika jezi kiunoni kwa sababu ndio alipofikia. Mpira ukaja, nikauweka ndani kwa kichwa. Sikuruka hata sana. Nilisimama vizuri tu. Moja bila, filimbi, wenzangu wananibeba (walijaribu), kocha ananipigapiga mgongoni anasema nilikwambia, nilikwambia.

Wakati wa kupeana mikono yule dogo akanisimamisha. Hatuna lugha moja. Akaweka kiganja juu ya kichwa chake, akakivuta kilivyo sawasawa mpaka kikagota kifuani kwangu, akacheka. Alafu akainua vidole na nyusi: mingapi? Nikamwonyesha kumi, nikamwonyesha vitano. Akaviangalia vile vidole vyangu, akaniangalia mdomo, akajigusa juu ya mdomo wake pale ambapo palikuwa pasafi kabisa, akatikisa kichwa. Nikarudia, kumi, tano. Akanipiga kofi la urafiki begani, ilibidi anyanyuke kwa vidole vya miguu, akaenda zake. Nilitaka kumkimbilia na pasi ya kusafiria. Nilikuwa nimeshinda mechi na nilitaka kumkimbilia mtu aliyeshindwa nimthibitishie kwamba sisi wote ni watoto.

Nusu fainali tukakutana na majitu makubwa kuliko sisi, tukala nne. Kwenye basi tuliwaita vijeba mpaka tunafika.

Yaliyobaki mnayajua, nilishawahi kuandika habari za goti, ingawa goti nalitaja zaidi ya linavyostahili. Ukweli ni kwamba nilipofika miaka 16 niliacha kurefuka. Basi, nikawa nimefika. Wale niliokuwa nawaona utosi wakaanza kuja mmoja mmoja, tukalingana macho, na wao walikuwa na mguu wa kushoto, walikuwa wanajua kugeuka na mpira, kwa sababu miaka yote ile walipokuwa wadogo walilazimika kutafuta njia nyingine. Mimi nilikuwa na njia moja tu na ilikuwa inafanya kazi, nani angenisumbua nijifunze nyingine? Miaka 18 nikaambiwa asante.

2005 nina miaka 19 nakaa kwenye kochi naangalia fainali ya dunia ya chini ya miaka 20, kule Uholanzi, Argentina na Nigeria. Messi akafunga mbili, Argentina 2, Nigeria 1. Jamaa niliyekuwa naye anaruka ruka, ona, kipaji kimeshinda misuli! Nikamwambia yote mawili ni penalti, kaka, penalti haina bega. Akaniona nina wivu. Nilikuwa nao, sikatai, ila pia ile habari ya Waafrika nguvu, wengine akili, inanichosha tangu zamani. Nigeria ile kiungo wake alikuwa John Obi Mikel, mtu wa pasi, misuli gani sasa? Na 1991 Ghana walipoifunga Hispania moja bila kwenye fainali ya chini ya miaka 17, mchezaji bora wa mashindano alikuwa Nii Lamptey, na yule hakuwa anabeba watu mabegani, alikuwa anacheza mpira. Watu wanaona rangi na kimo, wanajaza yaliyobaki wenyewe.

Kitu kingine kilichonirudisha kwa yule dogo ni 2009, Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule Nigeria, FIFA walipoanza kupima vifundo vya mikono kwa MRI, ile mashine inayopiga picha ndani ya mwili, ili kuwakamata waliodanganya umri. Wanaangalia mfupa wa mkono karibu na kiganja, pale penye ile sehemu laini inayorefusha mfupa. Ikiwa imeziba kabisa, karibu hakika umeshapita miaka 17. Nilisoma habari ile nimeshika kifundo changu kama mjinga. Nikawaza, wangetupima siku ile mimi na namba kumi, picha zetu zingesema ni kaka na mdogo wake. Na wote wawili tungepita, kwa sababu kile kipimo ni cha kukamata waliovuka, hakina habari na aliyewahi na aliyechelewa. Wavulana wengi wanarefuka kwa kasi karibu na miaka 14, ila kuna anayeanza na 12 na kuna anayesubiri mpaka 16, wote makaratasi yao ni safi.

Siku hizi kuna akademi Uingereza zinajaribu kuwapanga watoto baadhi ya mechi kwa jinsi mwili ulivyokomaa badala ya mwaka wa kuzaliwa. Kila anayeniambia habari hiyo anawahurumia wadogo, kwamba watapata nafasi ya kupumua. Sawa. Mi nikisikia hivyo najiona mwenyewe nina 15 nimetupwa kwa wa 17, nagongwa bega la kwanza, nagongwa la pili, nikijipangusa chokaa naanza kugeuza shingo kabla mpira haujafika.

Lakini pia jamani tulishinda ile mechi. Hapo ndipo ninapokwama. Kocha wangu hakukosea, alitaka nusu fainali akaipata. Na huyu wa mwanangu aliyemwambia akue kwanza, Jumamosi iliyofuata alishinda tatu bila na yule kijeba aliyemwingiza akafunga mawili. Nilikuwepo, nimesimama pembeni ya uwanja, na nitakiri jambo hapa kwa kuwa hasomi huku: mtoto yule alipogusa mpira mkono wangu ulianza kupanda kuelekea kidevuni.

Kwa hiyo nikamweleza mwanangu yote. Tobo, chokaa, vidole. Nilinyanyuka nikamwonyesha yule dogo alivyogeuka, nikagonga meza. Akasikiliza mpaka mwisho, picha bado ameshika.

"Na mkashinda?"

"Tukashinda. Moja bila. Nilifunga mimi, kwa kichwa."

Akanirudishia picha.

"Sikuuliza hivyo, baba."