Kasha la diski nne kwa nyumba ya Unguja

Ukinunua kasha la diski, yaani sanduku la kuweka diski za kompyuta na kuziunganisha kwa USB, tazama feni kabla ya bei. Diski nne za inchi 3.5 zikizunguka pamoja hutoa joto jingi, na kasha la plastiki lisilo na feni litazichosha mapema kwa joto la Februari pale Mji Mkongwe. Chukua la alumini, feni yake iwe ya kufunguka na kubadilishwa, maana hewa ya chumvi haina huruma. Usiliweke dirisha la baharini.

Jambo zito zaidi ni RAID, yaani kuunganisha diski kadhaa zifanye kazi kama moja. Makasha mengine huunganisha diski kwa chipu yao wenyewe. Chipu ikifa, diski zilizo nzima huenda zisisomeke mpaka upate kasha la aina ile ile. Mimi napendelea linaloonesha kila diski peke yake, RAID 1 (diski mbili zenye data ile ile) ifanywe na kompyuta. Diski mbili za TB 4 zitakupa TB 4, si 8.

USB ya Gbps 5 (gigabiti 5 kwa sekunde) inatosha kwa diski moja moja.

Umeme ukikatika faili likiandikwa, huenda likaharibika. Kompyuta na kasha vyote viwe kwenye UPS, betri inayoshika umeme ukikatika. Na RAID si nakala: ukifuta faili, limefutika kotekote. Diski ya nakala ikae nyumba nyingine, hata ikiwa Chake Chake.