SHT21 kwenye I2C ya programu: kilichokosekana ni getscl

Nimepumua, naandika haya mwingine asihangaike. Draiva yangu ya kerneli ya Linux inaendesha basi la I2C (njia ya kuunganisha chipu kwa laini mbili: SCL ya mapigo ya saa, SDA ya data) kwa pini mbili za GPIO, yaani pini za matumizi ya jumla, kupitia i2c-algo-bit, moduli ya kerneli inayoendesha laini hizo kwa programu. Sensa ya joto ya SHT21 iliitikia anwani yake, 0x40, lakini kila kipimo cha joto kilikuja 0xFF 0xFF, yaani biti zote 1.

Kupandisha udelay (nusu ya muda wa pigo la saa, kwa mikrosekunde) kutoka 5 hadi 50 hakukusaidia. Resista mpya za kuvuta laini juu, vilevile.

Kumbe kwa amri ya 0xE3 (pima joto) sensa hushikilia SCL chini hadi imalize kupima, hata milisekunde 85. Kerneli huisubiri ikiwa tu umejaza getscl, kitendakazi cha kusoma hali ya SCL. Ikibaki NULL (tupu), biti huendelea kuhesabiwa huku laini imeshikwa, na SDA iliyoachiwa husomeka 1 mfululizo. dmesg (ujumbe wa kerneli) husema wazi: "can't read SCL". Msipite onyo hilo.

Kwanza niliomba pini zote mbili kwa GPIOD_OUT_HIGH_OPEN_DRAIN, ambapo pini huvuta laini chini tu, haiisukumi juu: setscl(1), ya kupandisha SCL, iiachie laini, resista ndiyo iivute juu. Pini ikiisukuma yenyewe, getscl haioni kwamba sensa bado imeishikilia. Kisha getscl ikarudisha gpiod_get_value() ya SCL, na timeout (kikomo cha kusubiri) nikaiweka HZ / 10, yaani milisekunde 100. Joto likasomeka mara moja.