Jinzi, sufu na mteremko wa Mahlasela

Ilikuwa Julai 2019, na kosa letu kubwa lilikuwa limeshakunjwa ndani ya mabegi kabla hata hatujawasha gari: suruali za jinzi. Tulikuwa wanne, Watanzania tuliokuwa tukifanya kazi Johannesburg, tukienda Lesotho kucheza skii, yaani kuteleza juu ya theluji kwa mbao ndefu za miguuni, na kila mmoja alijiandaa kwa baridi. Hakuna aliyejiandaa kwa kulowa.

Lesotho ukiitazama kwenye ramani unaidharau, maana imemezwa yote na Afrika Kusini. Ina kilomita za mraba kama 30,000 tu. Lakini sehemu yake ya chini kabisa iko mita 1,400 hivi juu ya usawa wa bahari, yaani bonde lao la mwisho linalingana na Arusha mjini. Kutoka hapo ni kupanda tu. Julai ndiyo katikati ya majira ya baridi kule, na ndiyo miezi ya skii: Juni hadi Agosti.

Tulipitia Bethlehem na Fouriesburg, tukavuka mpaka Caledonspoort. Mwenye gari la kukodi asisahau barua ya kampuni inayomruhusu kulitoa nje ya Afrika Kusini. Bila hiyo safari inaishia getini. Kuna ada ya barabara ya kulipa unapoingia. Randi inapokelewa kila mahali, thamani yake ni sawa na loti moja, hela ya Lesotho (zikiwa nyingi ni maloti), ila chenji utarudishiwa kwa maloti, na maloti ukirudi nayo Johannesburg hakuna duka litakaloyataka. Yatumie hukohuko. Na kabla ya kuuliza lolote, salimia: “Lumela, ntate” kwa mwanamume, “Lumela, 'm'e” kwa mwanamke. Ntate na 'm'e ni baba na mama wa kwetu, heshima ni ileile, na anayeruka salamu anajibiwa kwa ufupi vilevile.

Baada ya Butha-Buthe barabara ni ya lami na ni nzuri, tatizo ni kivuli. Kwenye njia ya mlimani ya Moteng, mita 2,820, kuna kona ambazo jua haliingii asubuhi, na maji yanayovuja kwenye mwamba huganda juu ya lami yakawa kama kioo. Huoni kitu, unaona tu lami inayong'aa kidogo kuliko nyingine. Hapo hukanyagi breki. Unaingia konani tayari uko gia ya pili, unaiacha injini ikushike, usukani unauzungusha polepole kama umebeba trei ya mayai. Mbele yetu gari moja lilikuwa limelalia mtaro. Dereva wake alikuwa mzima, amesimama pembeni anapiga simu, na alama za breki zilionekana wazi hadi pale barafu ilipoanzia.

Mwenzetu mmoja ni mzaliwa wa Moshi, na tulipofika kituo cha skii cha Afriski, kule Mahlasela, zaidi kidogo ya mita 3,000, alitangaza kwamba hapa ni kati ya kambi za Mandara na Horombo. Alikuwa sahihi, ila Kilimanjaro unaufikia urefu huo kwa miguu, mwili ukizoea njiani. Sisi tuliufikia kwa matairi, ndani ya nusu siku. Hewa ya kule ina oksijeni kama asilimia 70 ya ile ya pwani. Jioni ile vichwa viligonga, na waliofungua bia ndio waliogongwa zaidi. Maji mengi, chakula chepesi, kulala mapema: hiyo ndiyo dawa.

Theluji ya pale nyingi hutengenezwa. Usiku, baridi ikishuka chini ya sifuri na hewa ikiwa kavu, mashine hupuliza matone madogo ya maji kwa hewa iliyoshindiliwa, nayo huganda kabla hayajagusa ardhi. Kukicha, milima yote imevaa nyasi za kahawia, halafu katikati kuna utepe mmoja mweupe wa kilomita moja hivi, kama kanzu iliyoanikwa na mtu akaisahau.

Asubuhi hiyo gari lilikuwa na ganda la barafu kwenye kioo, na mmoja wetu akatoka na birika la maji ya moto. Tulimdaka mkono. Kioo kilichoganda ukikimwagia maji ya moto kinapasuka. Washa injini, fungua kipasha joto, kwangua kwa kadi ya plastiki. Breki ya mkono nayo isivutwe usiku, inaweza kuganda ikakataa kuachia. Acha gari kwenye gia na weka jiwe nyuma ya tairi.

Sasa buti. Hapa ndipo siku ya mgeni inapoharibika au kutengemaa. Buti la skii ni gumu kama ndoo, na mgeni anayeogopa baridi huvaa soksi mbili. Soksi mbili hujikunja, zinabana damu, na mguu unapoa zaidi. Inatakiwa soksi moja ndefu ya kufika gotini, na ndani ya buti pasiingie kitu kingine chochote, si suruali wala lastiki ya suruali. Ukisimama wima vidole vinagusa mbele. Ukikunja magoti vinarudi nyuma kidogo. Hicho ndicho kipimo chako. Vifungo vya kifundoni vikazwe sana, vya vidoleni vilegezwe.

Fundi wa kukodisha vifaa aliuliza kila mtu kilo zake. Si udaku. Kile kifungio kinachoshika buti kwenye skii hurekebishwa kwa uzito, urefu na uzoefu wako, ili ukianguka vibaya kikuachie kabla goti halijapinda. Nilisikia kwa masikio yangu watu wakijipunguzia kilo kumi mbele ya foleni. Ukidanganya hivyo, skii inachomoka kila unapopinda. Ukijiongezea, haichomoki hata inapotakiwa. Skii zenyewe, kwa anayeanza, zifike kati ya kidevu na pua.

Mwalimu alitupandisha kamteremko kadogo kwa miguu, ubavuubavu kama kaa. Somo la kwanza lilikuwa kusimama. Visigino unavisukuma nje, ncha za mbele zinakaribiana bila kugusana, skii zinafanya umbo la sambusa. Sambusa ikiwa pana unapunguza mwendo, ikiwa nyembamba unakwenda. Ncha zikipandana, umeanguka. Na mwili lazima uegemee mbele, shini zikandamize ulimi wa buti. Hofu inakuambia uegemee nyuma, na ukiegemea nyuma skii zinakukimbia. Kuanguka nako kuna namna: angukia ubavu, upande wa mlima, usitangulize kiganja. Kabla ya kuinuka, laza skii zikate mteremko, la sivyo utainuka huku unaondoka. Theluji ikigandamana chini ya soli, buti halitanasa kwenye kifungio hata ukanyage vipi. Ikwangue kwanza kwa fimbo.

Kwenye mteremko mkubwa unavutwa juu na kebo yenye vyuma vya umbo la T iliyopinduliwa. Sisi tukaviita nanga. Nanga inakuja nyuma yako, inakaa chini ya makalio, na kila mgeni hufanya jambo lilelile: anakaa. Nanga si kiti. Kamba yake ina springi, ukiikalia inarefuka tu mpaka unagusa theluji. Nilikalia. Nilianguka kwenye njia ya waliokuwa wakija nyuma, na kitu pekee cha kufanya hapo ni kuiachia nanga mara moja na kutambaa pembeni. Safari ya pili niliacha magoti yakiwa yamelegea, skii zimenyooka kwenye mifereji iliyokwishachimbwa na wengine, nikafika juu.

Mpaka saa sita mchana jinzi zetu zilikuwa zimenyonya maji ya kila anguko. Pamba ikilowa hubaki imelowa, inakugandia pajani na kuufyonza mwili joto. Jua lilikuwa kali, nyuso zinaungua, hadi chini ya kidevu kwa mwanga unaorudishwa na theluji, huku miguu inatetemeka. Wingu lilipofunika jua tulidumu dakika kumi tu. Waliokuwa na suruali zisizopitisha maji walikuwa wamezikodi palepale dirishani, na sisi tulikuwa tumezipita asubuhi kuokoa hela.

Jumapili tulishuka, tukasimama kwenye pango la Liphofung, karibu na barabara kuu, kutazama michoro ya Wasan, wawindaji wa kale wa kule, kwenye mwamba. Juu ya bonde kijana mchungaji alikuwa na kondoo wake, buti za mpira miguuni, blanketi begani limejaa umande ulioganda. Alikuwa amesimama bila haraka. Blanketi la Wasotho ni la sufu, na sufu hata ikilowa bado inahifadhi joto, maana nyuzi zake zimejikunja na zinashika hewa ndani. Alichokuwa akichunga ndicho alichokuwa amevaa.

Butha-Buthe nikaingia dukani kununua langu. Nilijitanda kama shuka la Kimasai, mistari ikizunguka tumbo. Mama muuzaji akacheka. “Che, ntate.” Yaani hapana, baba. Akalivua, akaligeuza mistari isimame wima, kwani mstari uliosimama kwao ni wa kukua, akalibana kwa pini kubwa juu ya bega langu la kulia.